Mama Mulango

Siku ya mwisho ya kilio cha kaka yangu Mukendi, watu walikuwa wameanza kuzungumza mambo mengine. Wanawake walikuwa wakiosha sufuria nyuma ya nyumba, wanaume wamekaa chini ya turubai wakibishana juu ya mpira. Mwanamume mmoja mwenye mvi alipita katikati ya viti, akanipa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mulango, pole." Binti yangu alikuwa ameketi karibu nami, akanitazama. Alikuwa hajawahi kunisikia nikiitwa hivyo. Waliolijua jina lile walikuwa wachache tangu mwanzo, na mmoja wao ndiye tuliyetoka kumzika. Huyu aliyenishika mikono alikuwa Kapend.

Kapend anaishi Kolwezi mpaka leo, kazi yake ni kuzifunga waya upya mota zilizoungua, na viganja vyake vinanuka waya wa shaba, ile harufu kali inayokaribia ya damu. Ilibaki mikononi mwangu mpaka jioni. Binti yangu aliponiuliza jina lilitoka wapi nilimjibu kwa kifupi kwamba ni mchezo wa utotoni. Lakini nilipokuwa peke yangu niliona kwamba jibu lile halikutosha. Nalieleza hapa kwa wenzangu wa umri wangu, waliokulia kwetu wakati nchi iliitwa Zaire na mtoto wa mfanyakazi alizaliwa, alisoma na alitibiwa ndani ya kambi ya kampani.

Baba alikuwa anafanya kazi kwenye shimo la kuchimba shaba la Musonoi. Watu wetu walitoka Kasai, waliletwa zamani kwa ajili ya kazi, na sisi watoto hatukuijua Kasai isipokuwa kwa chakula na kwa majina yetu. Kapend na mama yake walikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wao walikuwa Walunda, watu wa upande wa Kasaji, na baba yake alikuwa amekwishafariki. Mama yake alibaki kambini kwa sababu kaka mkubwa wa Kapend alikuwa ameajiriwa na kampani. Mama yangu na mama yake Kapend walikuwa hawapatani. Waligombania nafasi ya kuwekea ndoo pale bombani, waligombania mahali pa kuanika nguo, na mara moja waligombana kwa sababu ya bata. Walipopishana njiani walisalimiana kama watu wanaolipa kodi. Mimi niliamini kabisa kwamba ni maadui, na kwamba urafiki wa Mukendi na Kapend ulikuwa jambo la kufichwa.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa hesabu, kijana wa Kibelgiji, tulimwita Monsieur Alain. Alikuwa na miguu mirefu myembamba, na jua lilimchoma shingo kila wiki kana kwamba halijamzoea. Jumamosi mchana, masika, wakati mpira hauchezeki kwa sababu ya matope, aliwafungulia wavulana kadhaa darasa moja na kuwafundisha mchezo aliotoka nao kwao. Haukuwa na ubao wala kete. Kila mchezaji alijitungia mtu mmoja, wa nchi isiyokuwepo, yenye majoka na watu wa mawe, akaandika nguvu zake kwa alama. Monsieur Alain alisimulia: mmefika kwenye mlango, nyuma ya mlango mnasikia kitu kikipumua, mnafanya nini? Kila mmoja alisema mtu wake anafanya nini, kisha akarusha dadu kujua kama amefaulu. Dadu zile nazo zilikuwa za ajabu, nyingine zenye pande nyingi kama jiwe lililochongwa. Kapend alitukunjia watu wetu kwa vipande vya waya wa shaba, warefu kama kidole, na tuliwasimamisha juu ya meza ya mwalimu. Vidole vyetu vyote vilinuka shaba.

Mimi niliingizwa kwa sababu ya upungufu. Mukendi alikuwa mpiga upanga. Kapend alikuwa mwizi, jambo ambalo mama yake hakuambiwa. Wote wawili walikuwa wakifa kila Jumamosi, na Monsieur Alain aliwaambia kwamba wanahitaji mtu wa tatu, mtu wa kuwaponya. Hakuna mvulana aliyekubali. Kuponya ilikuwa kazi ya kukaa nyuma na kungoja wenzako waumie. Mukendi alirudi nyumbani akanikuta nachambua maharagwe, akaniambia, "Tunakosa mutu wa kuponyesha benzake. Kuya." Nikaenda.

Mtu wa kuponya, kwa sheria za mchezo, alikuwa aina ya padri. Niliuliza kama msichana anaweza kuwa padri. Monsieur Alain alifikiri kidogo akasema katika nchi ile inawezekana. Sikumwambia mama, wala sista aliyetufundisha katekisimu.

Padri wangu wa kwanza alitungwa na wavulana. Waliweka alama zote nzuri kwenye hekima, wakamvika kanzu, wakamsimamisha nyuma ya wote. Alikuwa na maombi mengi mazuri na mwili wa karatasi. Tuliingia kwenye mapango, panya wakubwa wakatokea nyuma yetu, naye akafa kabla sijasema neno hata moja. Nilikaa mchana mzima nikitazama wengine wakicheza, kisha nao wakafa kwa sababu hapakuwa na wa kuwaponya.

Juma lile niliwaza sana. Swali langu lilikuwa moja: kama mtu wa kuponya akifa wote wanakufa, kwa nini ndiye aliyetengenezwa mwepesi kuliko wote? Jibu nililipata mahali nilipokuwa naenda na mama kila kampani ilipogawa unga.

Wenzangu mnakumbuka unga wa miaka ile. Kulikuwa na wiki ambazo haukuonekana sokoni kabisa, na bukari, ule ugali wetu, ilitegemea mgawo wa wafanyakazi. Ghala lilikuwa na mlango wa chuma wa pande mbili. Mtunza ghala alifungua upande mmoja tu, na umati wote ulitaka kupita pale kwa pamoja. Msukumano ukizidi alifunga, na akifunga siku hiyo imekwisha, watu wanarudi nyumbani na magunia matupu. Kwa hiyo mama yangu alisimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono mizito. Aliingia kwanza, akageuka, akatuelekezea uso, akashika fremu huku na huku, akawapitisha watu mmoja mmoja chini ya kwapa lake: wazee kwanza, wenye watoto mgongoni, kisha wengine. Waliosukuma walimsukuma yeye. Hakumpiga mtu. Hakupiga hata kelele. Sisi tuliokuwa nje tulimwona yeye tu, na nyuma yake giza la ghala.

Nilimwona hivyo mara nyingi, na nilihitimisha kwamba mama yangu hawezi kuanguka na wala haumwi. Jioni mikono yake ilikuwa na madoa ya buluu juu ya kiwiko. Nilidhani ni rangi ya kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, kwa maana kilikuwa kipya na kilitoa rangi kilipofuliwa.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwomba Monsieur Alain aniachie nitunge mtu wangu mwenyewe. Dadu zilinipa alama moja kubwa, moja ya wastani, na nyingine za kusikitisha. Ile kubwa niliiweka kwenye uimara wa mwili. Ile ya wastani kwenye hekima, ili abaki na maombi machache. Wepesi ulikuwa mbovu. Hata kuruka mtaro asingeweza. Mukendi aliniambia nimeharibu karatasi, kwamba hata kumpiga adui hatampata. Nilimjibu kwamba sihitaji kumpata, nahitaji yeye anipate mimi. Nilimvika vazi la chuma zito kuliko yote yaliyokuwa kwenye kitabu na kumpa ngao kubwa, na Kapend akamtengenezea yule wa waya ngao ya kipande cha bati la shaba. Silaha ilikuwa rungu. Kwenye maombi niliacha yale yanayoziba jeraha baada ya kutokea, nikabakiza moja tu, na nafasi nyingine nikazijaza na maombi ya kukinga. Chungu unakilinda kisianguke. Kukiunga kwa gundi ni kazi ya mwisho.

Mwanzoni hakufaa kitu. Kwenye uwanja wazi maadui walimzunguka tu, wakamwacha amesimama na ngao yake kama sanamu ya kanisa, wakaenda kuwaua wavulana. Nilijifunza kwamba ugumu peke yake hausaidii mtu. Lazima usimame mahali ambapo hakuna njia nyingine. Nikaanza kutafuta milango. Kila tulipofika mahali papya niliuliza upana wake. Madaraja, ngazi, mapito ya mgodi. Monsieur Alain alikuwa ametutungia mgodi wa kale chini ya mlima, na Kapend alimsumbua kwa kumwambia kwamba dari ile bila magogo ingekwisha kuanguka. Mtu wangu aliingia kwenye pito, akageuka, akajaza pito lote, na wavulana wakapigana kutoka nyuma ya mabega yake. Wakiumia nilikuwa karibu, naweka mkono, nasema ombi langu moja. Tukaacha kufa. Siku moja Kapend alimtazama yule wa waya aliyesimama kati ya vitabu viwili akasema, "Ule haiko mutu, ni mulango." Tangu siku ile akaitwa Mama Mulango, na mimi pamoja naye.

Nilijivuna. Niliamini nimetengeneza mtu asiyeweza kuanguka. Kisha, kwenye lango la chumba cha chini kabisa, Monsieur Alain alileta jitu la mawe. Halikumpiga Mama Mulango. Lilimkumba. Nilirusha dadu, nikakosa, na mtu wangu akarushwa kinyumenyume mpaka katikati ya chumba, lango likabaki wazi, na waliokuwa nyuma ya jitu wakamiminika ndani. Tulitoka hai kwa shida, Mukendi akiwa amebakiza pumzi. Nilibisha sana. Nilisema haiwezekani, ana uhai mwingi bado, karatasi hii hapa. Monsieur Alain alinijibu kwamba hakufa, alisukumwa, na hayo ni mambo mawili. Nilirudi nyumbani nikiwaza nimwongezee chuma kipi.

Siku chache baadaye mama alianguka.

Sikuwepo, nilikuwa darasani. Tuliambiwa kwamba umati ulikuwa mkubwa, lori lilikuwa limechelewa, watu wamesimama tangu asubuhi kwenye mvua. Mlango ulipofunguliwa walisukuma kwa pamoja na mama akaenda chini kwa mgongo, juu ya ngazi ya saruji, na baadhi ya watu wakampita juu. Mtunza ghala alifunga. Hospitali walisema mbavu, na kwamba mguu umeteguka vibaya. Walimfunga, wakamlaza siku kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani alale.

Nilimwosha mimi. Hapo ndipo niliona kwamba ile buluu haikutoka na maji. Ilikuwa kwenye mabega, kwenye mbavu, nyingine imekwishageuka njano. Yeye alitazama ukutani.

Nyumba ilianza kulegea. Baba alikuwa zamu, akirudi alipika chai na kukaa karibu na kitanda. Mukendi alianza kuchota maji, jambo ambalo wavulana walimcheka nalo, na aliendelea kuchota. Unga ulikuwa unaelekea mwisho. Ilipotangazwa kwamba mgawo umefika, baba alikuwa shimoni. Nilichukua kadi yake ya mgawo na gunia, nikajifunga kikwembe cha mama juu ya sare ya shule, na Mukendi akaja nami ili abebe.

Nilipofika umati ulikuwa tayari. Nilikuwa mdogo, nikapenya chini ya viwiko vya watu mpaka karibu na ngazi. Nia yangu ilikuwa kupita tu na kutoa kadi. Mtunza ghala alifungua ule upande mmoja, watu wachache wakaingia, na pale mahali pa mama hapakuwa na mtu. Nililiona wazi lile tundu. Umati nao uliliona. Wakaanza kusukuma, mwanamke mwenye mtoto akapiga yowe mahali fulani kushoto kwangu, na mtunza ghala akaweka mkono kwenye ule upande wa chuma aufunge.

Nilipanda ngazi, nikageuka, nikashika fremu huku na huku. Mikono yangu haikufika vizuri. Kwa mara ya kwanza niliona kile alichokuwa anakiona mama: nyuso za majirani zetu, wale tunaosali nao, midomo imekazwa, macho yanatazama juu ya kichwa chako kwenye magunia. Mtu mmoja akasema, "Mutoto wa nani ule?" Kisha wakanifikia. Sikuweza kitu. Viatu vyangu viliteleza kwenye unga uliomwagika juu ya saruji, vidole vikaanza kuachia chuma, na nilijua kwamba naenda kwa mgongo kama alivyoenda yeye.

Sikuenda. Kitu kilinizuia kwa nyuma. Ngumi ilikuwa imekamata fundo la kikwembe kiunoni mwangu, na bega zima, gumu, la mtu mzima, limeegemea mgongo wangu na kunirudisha mbele. Nilisikia pumzi sikioni. Nilitaka kugeuka.

"Simama," sauti ikasema. "Usiangalie nyuma. Niko hapa."

Nilimjua kwa neno la kwanza. Ilikuwa sauti iliyotufukuza bombani mara ngapi sijui. Mama yake Kapend alikuwa ndani ya giza la ghala, mguu mmoja ameukaza kwenye kizingiti cha ndani, na kwa namna alivyokuwa amesimama nilielewa kwamba mahali pale ni pake, kwamba amepazoea. Alianza kuwaita watu kwa majina kutoka nyuma ya kichwa changu. Wewe mama Kalenga, na mtoto wako, pita. Wewe baba, ngoja. Walipita chini ya kwapa langu, wengine walilazimika kuinama sana. Sikukaa muda mrefu. Mwanamke mmoja mkubwa alipanda ngazi, akaniondoa taratibu kwenye fremu, akachukua nafasi. Mama yake Kapend akaachia kikwembe changu na kushika cha yule mwanamke. Hakunitazama. Alininyooshea kidole niende kwa mtunza ghala nikachukue unga wetu, na akasema nimfunge mama yangu mbavu kwa kitambaa kilichokazwa, siyo kulegezwa kama nilivyojifunga mimi kikwembe.

Jumamosi zilizofuata nilimweka mwizi wa Kapend nyuma kabisa ya Mama Mulango, mgongo kwa bega, kazi yake ikiwa moja tu, kumzuia asisukumwe. Monsieur Alain alitafuta kwenye kitabu, hakukuta sheria inayokataza, akakubali. Kapend alilalamika kwamba haibi kitu tena. Hatukuangushwa tena mpaka mwalimu aliporudi kwao mwisho wa mwaka na mchezo ukaisha. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku ile tulirudi kwa njia ya nyuma ya kambi, Mukendi amebeba gunia kichwani, unga ukimwagikia shingoni mwake na kumfanya kama mzee. Mama alikuwa macho. Mukendi alimweleza yote, mimi nimesimama mlangoni mwa chumba, nikingoja kukaripiwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza tumepata unga kiasi gani, wala kama nimeumia.

"Nani alikukamata mu mugongo?" aliniuliza.

Nikamwambia ni mama yake Kapend.

Alifumba macho kidogo, akapumua kwa uangalifu, kwa ajili ya mbavu. "Bon," akasema. "Siku ile nilianguka, yeye hakukuwa. Alikuwa amekwenda ku kilio, ku Kasaji."

Sikuelewa. Nilifikiria ndoo, kamba za nguo, yule bata. Nikasema, "Lakini mama, we na yeye munagombanaka."

"Ku bomba tunagombanaka," mama akasema. "Ku mulango, hapana."